Uchungu wa Kibuyu Kipya



Mumunye la kutunzia maji au maziwa huachwa hadi kikonyo kikauke na mbegu zicheze ndani. Ndipo hutobolewa mdomo, hutiwa maji na changarawe, hutikiswa, na nyama iliyooza humwagwa. Kesho tena, na kesho kutwa. (Kutikisa ilikuwa kazi yetu watoto, nasi tulichoka!) Mama hakuhesabu siku. Alionja. Maji yakiwa machungu bado, tulianza upya, hata kama kibuyu kilipendeza kwa nje.

Waebrania 12:15 hutuonya juu ya shina la uchungu. Mimi, mwalimu wenu mzee, nimepiga magoti kwenye Meza ya Bwana mwaka mzima huku simsalimu jirani yangu, sababu ni mpaka wa shamba. Jumamosi hii nakwenda kwake. Niombeeni.