Kinyozi na Kosa Lake

Kazi za mikono ni za namna mbili. Ziko kazi ambazo mtu akikosea huweza kuongeza: mwashi huongeza udongo, mpishi huongeza maji. Na ziko kazi ambazo mkono hupunguza tu, wala hauwezi kurudisha kilichoondolewa. Kazi ya kinyozi ni ya namna hii ya pili. Unywele uliokwisha kuanguka sakafuni haurudi kichwani; ulio mahali pake huongezeka kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo kosa la kinyozi hutuuliza swali kubwa: mtu aliyekwisha kuharibu atatengenezaje bila ya kuharibu zaidi?

Tuseme mashine imeteleza juu ya sikio la kulia, pakabaki pengo. Kinyozi mwenye pupa hukimbilia kupunguza kushoto ili pande mbili zilingane. Akitazama, aona kushoto kumepita kiasi, arudi kulia. Hivyo mstari wa nywele hupanda juu kila mara, hata mtu aliyekuja kupunguzwa nywele akaondoka na denge asilolitaka. Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Kilicholeta aibu ni haraka ya kulifuta.

Kinyozi mwenye hekima hufanya vingine. Kwanza huuzuia mkono wake. Pili huzichana nywele zisimame, akamgeuza mtu kwenye mwanga, akamtazama mbele, kando na kisogoni, maana jicho lililo karibu mno hudanganywa na kivuli. Tatu hupatafuta mahali palipo pafupi kupita pote, wala hapagusi tena. Ndipo huweka kitana, akapunguza kwa ncha ya mkasi pembeni mwa pengo, kidogo kidogo, mpaka ukingo wake ulainike. Lakini paji la uso lililoliwa na wembe haliponywi kwa wembe, huachiwa majuma.

Liko na jambo ambalo wengi hulikwepa: kumwambia mwenye kichwa. Huyo ameketi, shingo imefungwa kitambaa, haoni kisogo chake. Ni rahisi kumwelekezea kioo upande ulio mzuri. Naona kunyamaza huko ni udanganyifu, kwa kuwa uchaguzi uliobaki, kunyoa chote au kuvumilia pengo mpaka nywele ziote, si wa kinyozi. Kichwa kina mwenyewe. Anayeficha kosa humkosea mtu mara mbili: kwanza kwa mkono, kisha kwa ulimi.

Pengine mtu atauliza: je, si haki kuupunguza upande mzima ulingane na ulioharibika? Kichwani yaweza kuwa haki, maana pande zote mbili ni za mtu mmoja, naye akiridhika hakudhulumiwa mtu. Lakini tusiichukue kanuni hiyo mpaka kwa watu. Kiranja aliyemwadhibu mwanafunzi mmoja bila hatia hasawazishi kwa kumwadhibu wa pili. Hapo dhuluma imekuwa mbili, wala usawa haukupatikana. Deni lake ni kwa yule wa kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, lakini ufa huzibwa, haubomolewi zaidi. Vijana, kesho mtakuwa waganga, mahakimu, walimu na vinyozi, na watu wataketi mbele yenu kwa kuwaamini. Siku mkono utakapoteleza, uzuieni, semeni kweli, tengenezeni linaloweza kutengenezwa, na lililobaki livumilieni mpaka wakati wake.