Kifuniko chenye kusema

Kule Kongo-Central, upande wa Muanda karibu na bahari, Wawoyo walikuwa wanachonga vifuniko vya vyungu kwa mti, na juu yake sanamu ndogo ndogo: ndege, konokono, mtu. Kila sanamu ilibeba methali. Bwana alikula pamoja na wanaume wenzake. Bibi mwenye neno moyoni alifunika chakula kwa kifuniko chenye kulisema. Bwana akikosa kuelewa, wenzake walimfasiria, na neno la chumbani likawa la baraza.

Je, ilikuwa haki? Wengine watasema: ni kumtia bwana haya mbele ya watu, yeye hana kinywa? Mimi nasema hapana. Pale alipokosa nafasi ya kusema, alikipa chungu kinywa.

Kinachonisumbua ni kingine. Fundi njo alichonga, na methali ni ya wote. Neno lake yeye lilikuwa wapi? Naona lilikuwa katika kuchagua: kwa nini hiki, kwa nini leo.

Kwetu Bukavu, mbali na bahari ile, tunafunika na plastiki ya soko. Mama yangu tu anashona kitambaa cha kufunikia chakula, kila mara ua lile lile la rangi nyekundu. Hatujamuuliza hata siku moja.