Kunyoosha Kilichobonyea

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimeufundisha msemo huo darasani kwa miaka mingi, na siku zote nilidhani unawahusu watu wengine. Ulinirudia nikiwa nimepiga magoti uani kwangu, Morogoro, nikinyoosha ubavu wa gari langu dogo aina ya Toyota.

Kisa chenyewe ni kifupi. Asubuhi moja nilikuwa natoka nyumbani kinyumenyume. Kijana anayetusaidia kazi alifungua geti, akasimama nyuma kunielekeza. Alipoinua kiganja kuniashiria nisimame, mimi nilikuwa napapasa kiti nikitafuta miwani. Nguzo ya geti ikauingia ubavu wa nyuma, upande wa dereva, juu kidogo ya gurudumu. Mke wangu akatoka mbio kwa ule mshindo. Kabla sijafikiri, ulimi ukasema, "Huyu kaniambia nirudi tu."

Kijana alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. "Samahani, mzee," akasema. Mke wangu akaamua palepale kwamba gharama ya matengenezo itakatwa kwenye mshahara wa kijana. Nami nikanyamaza.

Kwa kuwa nimefundisha ufundi wa chuma, nilisema kazi hiyo nitaifanya mwenyewe nyumbani. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo ili gharama ipungue, kijana asiumie sana. Msomaji atatambua mara moja kuwa huo nao ulikuwa uongo, safari hii nikijidanganya mwenyewe.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi, aliniazima mashine ya kuchomelea pini. Kwa asiyeijua, nieleze. Bati la ubavu wa gari ni jembamba, halifiki unene wa milimita 1, na juu ya gurudumu limekuwa tabaka mbili, hata nyundo haiwezi kuingia ndani kulisukuma litoke. Zamani mafundi walitoboa matundu, wakafunga skrubu na kuvuta. Matundu yale yakawa milango ya kutu. Mashine hii haitoboi. Unakwangua rangi hadi chuma king'ae, unabana waya wa ardhi mahali palipo wazi, kisha unagusisha pini ya chuma chenye shaba juu. Umeme unapita kwa muda mfupi sana, pini inashika. Unaivaa kwa nyundo ya kuvutia, yenye uzito unaoteleza juu ya fimbo, na kila uzito unapogonga mwisho wa fimbo bati linatoka kidogo.

Tulichomoa nyaya za betri, tukatoa zulia la buti lisije likaungua, tukaweka ndoo ya maji karibu. Nasema "tuli" kwa sababu kijana ndiye aliyenishikia taa. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe.

Kosa la anayejifunza ni kuanzia katikati, penye shimo, na kuvuta kwa nguvu. Bati likivutwa hivyo hutanuka, likatoka kama kipele, na tatizo likawa baya kuliko mwanzo. Nguzo ilipoligonga, katikati palitangulia kuingia, na matuta ya pembeni yakaja mwisho. Basi kilichokuja mwisho hutangulia kutoka. Unaanza pembeni, unagonga tuta polepole huku ukivuta bonde, pini moja baada ya nyingine. Kwa ufupi, mbonyeo hurudi kwa njia ileile uliyojia.

Ipo njia rahisi zaidi, nayo ni kuacha shimo kama lilivyo na kulijaza puti. Ukipiga msasa na kupaka rangi, jicho halitajua. Lakini weka sumaku, haitashika. Gonga kwa kidole, utasikia sauti butu. Baada ya muda, kwa jua na mtikisiko wa barabara, puti nene hupasuka. Si kwamba puti ni haramu. Bati likishavutwa na kukaribia mahali pake, puti nyembamba husawazisha mikwaruzo iliyobaki. Ubaya ni pale inapowekwa badala ya kuvuta.

Hapo ndipo nilipojikuta nimeshikwa. Maana usiku uliotangulia nilikwisha kupanga jambo langu: mshahara ukikatwa, nitamwita kijana pembeni nimpe fedha ileile mkononi, na kidogo juu yake. Hatapoteza chochote. Nyumba itakuwa na amani, na heshima ya mzee itabaki. Nilipanga kujaza shimo bila kuvuta bati. Kijana hakudhulumiwa fedha peke yake. Aliitwa mzembe mbele ya mama wa nyumba, penye geti, mchana kweupe. Fedha ya gizani ingefikaje pale?

Kuna atakayeniambia kwamba si kila ukweli lazima usemwe, na kwamba mtu mzima akijiumbua mbele ya kijana nyumba hukosa mhimili. Hoja hiyo naiheshimu, maana nimeishi nayo. Lakini katika nyumba yetu mtu mmoja alikuwa anaujua ukweli tangu mwanzo, naye ndiye aliyekuwa akiniamkia shikamoo kila asubuhi. Heshima niliyokuwa nailinda, kwake ilikwisha kubonyea.

Nilipokata pini na kulainisha kwa grenda, ubavu ulikuwa umenyooka kuliko nilivyotarajia. Nikaanza kukusanya vifaa. Kijana akaingiza kichwa ndani ya buti, akamulika.

"Mzee, huku ndani pameungua."

Nikachungulia. Nyuma ya kila pini joto lilikuwa limechoma rangi, likaacha nukta nyeusi, safu kwa safu.

"Hapo hapaonekani," nikasema.

"Lakini kutu itaingia, mzee."

Alisema kweli. Tulisugua nukta zile moja moja kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake nta. Kazi ile ilituchukua muda mrefu, mikono ikipita penye upenyo mwembamba.

Jioni ile, mke wangu alipotoka getini kuangalia kazi na kuisifu, nilimwita kijana asimame nasi. Nikasema, "Siku ile huyu aliniashiria nisimame. Mimi sikuwa natazama. Nilisema uongo." Mke wangu hakujibu kwa muda. Kisha alimgeukia kijana, akamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Kwangu hakusema neno hadi kesho yake, na sikumlaumu.

Mshahara haukukatwa. Sitasema kwamba kila kitu kilirudi kama zamani, maana bati lililowahi kutanuka haliwi lile la kiwandani, hata likinyooshwa vipi. Hadi leo kijana hufungua geti kwa adabu ileile, lakini ninaporudi nyuma hasimami tena kunielekeza. Hukaa kando, mikono nyuma, akaniambia, "Angalia mwenyewe, mzee."

Nami huangalia.