Kosa na Hasara



Kila mwaka vijana wa sharika zetu huagana na wazazi wao na kwenda kusoma vyuo vikuu. Siku za kwanza ni za furaha. Lakini miezi michache ikiisha kupita, wengine hukaa usiku na kujiuliza neno zito: “Zamani nalikuwa nikichora, nikitunga nyimbo, nikiandika hadithi. Sasa nasoma somo nililoambiwa kuwa lina faida, na mkono wangu umeacha kuchora. Je, nalichagua vibaya? Miaka ile imepotea?” Wakubwa wengi hulipita swali hili upesi. Sisi twaona lafaa kupimwa, kwa kuwa mtu asiyejua kuihukumu jana yake hawezi kuitumia vema leo yake.

Tumtazame mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, Robert Schumann, aliyezaliwa katika mji wa Zwickau mwaka 1810. Baba yake alikuwa muuza vitabu, naye mtoto akapenda mambo mawili, vitabu na kinanda. Baba akafa mwaka 1826. Mama, akiwa mjane, aliwaza kama wawazavyo wazazi wengi: muziki haushibishi, sheria ndiyo kazi ya heshima. Basi mwaka 1828 kijana akaingia Chuo Kikuu cha Leipzig kusoma sheria.

Moyo wake haukuwako. Alishinda kinandani na katika vitabu vya washairi, akafundishwa kinanda na mwalimu Friedrich Wieck, na masomo ya sheria hakuyajali. Hata hivyo barua alizompelekea mama yake zilimtumainisha kwamba anahudhuria. Mwaka 1829 akahamia Heidelberg, na huko pia sheria haikumshika. Mwaka 1830 alikwenda Frankfurt, akamsikia Paganini, mpiga fidla mashuhuri. Mwezi wa Julai mwaka ule ule hakuweza tena kunyamaza; akamfunulia mama yake mambo yote kwa barua, akamsihi amwulize Wieck kama mwanawe ana kipawa cha kweli. Mama akauliza, ingawa kwa hofu kubwa. Wieck akajibu kwamba aweza kumfanya mpiga kinanda hodari kwa muda wa miaka 3, ikiwa kijana atakubali kazi ngumu ya kila siku. Ndipo mama akatoa ruhusa.

Lakini haukupita muda mrefu, kidole cha mkono wake wa kuume kikapooza. Wengi husema ni kwa sababu ya kujizoeza kupita kiasi. Wengine hutaja sababu nyingine. Vyovyote iwavyo, tumaini la kuwa mpiga kinanda mkubwa likakatika.

Sasa tuulize: kijana huyu alikosa wapi? Mwenye haraka atasema, “Alikosa kuacha sheria, tazama, mkono umeharibika.” Sisi twasema sivyo. Alipochagua mwaka 1830 alichagua mchana kweupe: alisema kweli, aliomba shauri la mjuzi, alipata kibali cha mama. Ugonjwa wa kidole hakuna aliyeuona mbele. Ile ilikuwa hasara, haikuwa kosa. Kosa lake lilikuwa la nyuma zaidi, alipokula fedha za nyumbani kwa jina la sheria na kumwacha mjane aamini jambo lisilokuwapo. Kosa hilo halikumwumiza kidole wala halikumtoa chuoni. Lakini ndilo lililohitaji toba.

Hapo ndipo wengi wetu tunapogeuza mambo. Twajilaumu kwa yale yaliyotupata, na yale tuliyoyatenda kwa hila twayasahau kwa kuwa hayakutudhuru. Basi tutenganishe. Kosa huungamwa na kutengenezwa. Hasara hulilia mtu kwa muda wake, kisha huinuka akashika kazi. Anayetubia hasara kana kwamba ni dhambi hujichosha bure. Naye anayeliita kosa lake hasara hatalitengeneza kamwe.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Schumann, asipoweza kupiga kama alivyotaka, alitunga. Mwaka 1834 yeye na rafiki zake walianzisha gazeti la mambo ya muziki, akawa mwandishi wake. Na katika mwaka 1840 peke yake alitunga nyimbo zaidi ya 100 juu ya maneno ya washairi kama Heine na Eichendorff. Mapenzi ya ushairi, ambayo mwalimu wa sheria angaliyaita uvivu, yalimfaa siku ile.

Hatusemi kwamba kila hasara hugeuka kuwa faida. Schumann alipatwa na ugonjwa wa akili, akafa mwaka 1856 katika nyumba ya wagonjwa, naye umri wake ni miaka 46 tu. Twasema hili tu: kipawa hakikufungwa ndani ya kidole kimoja, wala hakikufa kwa miaka ya kusoma somo jingine. Kinachokiua ni kukaa tukiitazama jana hata leo nayo ipite.

Kwa hiyo, kijana wetu, jiulize mambo mawili. Nilipochagua, nalisema kweli? Kama hukusema, andika barua nyumbani juma hili. Na kama ulisema, je, leo nimeshika kalamu hata kwa nusu saa? Kama hujashika, ishike.

Nanyi wazazi na walimu, mkumbukeni mama yule. Alichagua kwa upendo, lakini hakujua yote. Na alipoambiwa kweli hakufunga mlango, bali aliuliza mjuzi. Barua ya namna hiyo ikifika nyumbani kwenu, isomeni mara mbili kabla ya kuijibu.