Pakiti Moja Haitoshi

Ndugu wawili wa Kongwa, mkoani Dodoma, waligawana shamba la baba yao, udongo uleule mwekundu. Mkubwa aliacha mabua ya mtama yalale shambani baada ya mavuno, akagombana na wenye ng'ombe ili wasiyamalize, na kila kiangazi akasomba samadi. Mdogo alifyeka, akakusanya, akachoma, akangoja mvua za Desemba juu ya ardhi tupu. Watu walimsifu kwa usafi.

Aliposikia kuna bakteria wanaosaidia mimea, alinunua pakiti yao mjini kwa ajili ya karanga zake. Ilisafiri juani mbele ya kioo cha basi, ikakaa siku kadhaa chini ya bati, kisha akaichanganya na mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya ukungu na kuzianika zikauke. Joto, dawa na jua, vyote huua bakteria. Muuzaji hakumwambia neno, na hilo linaniuma, maana mkulima alitoa fedha yake kwa imani.

Februari mvua ikakatika, kama inavyokatika huko mara nyingi.

Mmea ukikosa maji hutengeneza kwa wingi kemikali iitwayo kwa kifupi ACC, nayo hugeuka ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Ikizidi, hudumaza mizizi na kuharakisha majani kuzeeka. Baadhi ya bakteria wa mizizini, wakiwamo wa jamii ya Pseudomonas, wana kimeng'enya kinachoivunja ACC: wao wanajipatia naitrojeni, mmea unapata nafuu, mizizi inaendelea kuufuata unyevu chini. Bernard Glick na wenzake wa Waterloo, Kanada, walieleza utaratibu huo mwaka 1998. Bakteria wengine hutoa ute unaoshikamanisha chembe za udongo kuzunguka mizizi, na udongo huo huchelewa kukauka. Bakteria wa jamii ya Azospirillum hutoa homoni inayouchochea mmea kuongeza vijizizi.

Lakini hao ni mifugo, na mifugo hula. Chakula chao ni majimaji yanayotoka mizizini na mabaki yanayooza. Moto wa mabua haushuki mbali ardhini. Ubaya wake ni kuteketeza chakula hicho na kuuacha udongo uchomwe na jua. Msimu mmoja huenda usionekane. Ukirudiwa miaka kumi, ni njaa.

Mtama wa mdogo ulinyauka mapema. Aling'oa shina la karanga akakuta mizizini vinundu vichache wanamokaa bakteria, na alipovipasua vilikuwa vyeupe ndani, bila wekundu wa kinundu kinachofanya kazi. Kwa mkubwa, majani yalijikunja mchana, jioni yakakunjuka. Naye alivuna pungufu, nisifiche. Bakteria hawaleti mvua, na ukame ule ungeendelea hadi Aprili wangekosa wote wawili.

"Kaka, nikinunua pakiti nyingine nikaitunza?" mdogo aliuliza.

"Nunua, mdogo wangu, lakini mwaka huu usichome. Njoo uchukue samadi."

Akamwelekeza pia: pakiti inunuliwe siku za kupanda zikikaribia, baada ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, ihifadhiwe penye ubaridi na giza, mbegu ziwe hazijapakwa dawa, zichanganywe kivulini asubuhi na mapema, zipandwe siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu, zifukiwe papo hapo.