Jina Juu ya Tofali

Wengi wetu twaijua Babeli kwa kitabu cha Danieli, tulimosoma jinsi mfalme Nebukadreza alivyojisifu kwa ajili ya mji alioujenga. Basi twauliza: Je, ni kosa mtu kutamani jina lake likumbukwe?

Mji ule ulikuwa kando ya mto Frati, katika nchi iitwayo leo Iraki. Nebukadreza alitawala tangu mwaka 605 hata 562 kabla ya Kristo. Kwa kuwa mawe ni haba katika nchi ile, watu walifyatua matofali ya udongo na kuyachoma. Na mengi sana yalipigwa muhuri wa jina la mfalme. Mwaka 539 kabla ya Kristo Koreshi wa Uajemi aliutwaa mji, na baada ya karne nyingi ukawa magofu. Ndipo watu wa Hilla, mji ulio karibu, walipoyachukua matofali yale wakajengea nyumba zao. Maandishi yake hawakuweza kuyasoma; walichotaka ni ukuta tu.

Katika miaka ya 1980 Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, alijenga kuta mpya juu ya magofu yale, naye akaandikisha jina lake juu ya matofali. Mwaka 2003 utawala wake ukaanguka.

Wako wasemao kwamba jina ni ubatili mtupu. Sisi hatusemi hivyo. Kwa muhuri ule wataalamu waliochimba Babeli walijua ni nani aliyeamuru kazi. Na mwenye kutia jina lake aweza kuulizwa habari za kazi yake. Kosa la mfalme halikuwa muhuri, bali kuhesabu kazi yote kuwa yake peke yake. Waliokanyaga udongo na kuchochea moto wa tanuru, muhuri wa mfalme hauwataji.

Nasi tujengapo shule au kanisa, wako wasiotoa shilingi yao mpaka wajue kwamba majina yao yatasomwa mbele ya watu. Tusiwacheke, maana tamaa hiyo imo ndani yetu sote. Lakini kila mmoja na ajiulize akiwa peke yake: Kama jina langu halitatajwa kamwe, je, nitaubeba udongo huu? Na wale wanaoubeba pamoja nami, je, nayajua majina yao?