Dakika Zisizo na Kazi

Andiko: Marko 5:21–43

Leo naomba tusafiri kidogo hadi Marekani, tupande treni.

Iko treni inaitwa California Zephyr. Inatoka Chicago hadi Emeryville, karibu na San Francisco. Ni safari ya zaidi ya kilomita 3,900, siku mbili na ushee. Inapanda milima ya Rocky, inapanda Sierra Nevada, na sehemu kubwa ya reli si yake, ni ya kampuni za treni za mizigo. Sasa sikia hekima ya watunga ratiba. Ikitoka Chicago, hufika Naperville, kama kilomita 45, kwa nusu saa hivi. Lakini ikirudi, ratiba huipa kipande hicho hicho muda unaokaribia maradufu. Kwa nini? Ni dakika za akiba. Theluji ikianguka, treni ya mizigo ikiziba njia, abiria akiugua, kuna pa kufidia.

Mimi nilisomea biashara. Nilitoka chuoni nikiamini dakika isiyozaa ni hasara. Nikaingia kwenye huduma na imani hiyo: ibada, mkutano, ziara, mkutano tena. Hakuna pengo hata la kumeza mate.

Mwaka jana ndugu mmoja alinishika mkono baada ya ibada ya pili. (Amenipa ruhusa kuwaeleza.) "Pasta, naomba dakika kumi tu." Nikatazama saa. "Ndugu yangu, tuonane Jumanne." Akatabasamu, akaenda.

Jumanne hakuja. Kumbe alikuwa amepoteza kazi miezi mitatu, na kila asubuhi anavaa suti anatoka nyumbani, mkewe hajui. Wiki hiyo madalali walibeba vyombo vya nyumba, naye akatoweka siku kumi na moja. Namshukuru Mungu alirudi. Akaniambia, "Pasta, siku ile sikutaka pesa. Nilitaka mtu wa kunisindikiza nikamwambie mke wangu ukweli."

Dakika kumi, wapendwa.

Hebu mtazame Yesu. Binti ya Jairo yu mahututi, kila dakika ni ya thamani. Njiani mwanamke aliyeteseka miaka kumi na miwili anagusa vazi lake. Yesu anasimama! Anamsikiliza mpaka amalize. Ujumbe unakuja kwamba msichana amekufa. Ungekuwa Jairo ungesemaje? Lakini Yesu alifika, na msichana akainuka.

Sasa, mimi na wewe si Yesu. Tukichelewa, mara nyingi kilichovunjika kimevunjika. Ndiyo maana nafasi ya kusimama lazima tuitenge mapema. Katika Walawi 19 Mungu aliwakataza Waisraeli kuvuna mpaka pembeni mwa shamba. Pembe ile ilikuwa ya maskini na mgeni. Ukivuna saa zako zote, maskini wako ataokota nini?

Na angalia unaiweka wapi akiba yako. Ikikaa yote mwisho wa reli, treni itafika kwa wakati na ripoti itapendeza. Lakini mama anayengoja kituo cha katikati usiku wa manane amecheleweshwa vilevile. Wengi wetu tumeiweka mwisho: "Nikistaafu nitamtumikia Mungu." "Desemba tukienda ushago nitakaa na watoto." Ndugu, mtoto wako yuko kituo cha katikati. Anakungoja leo jioni.

Sihubiri uvivu. Treni yenye akiba bado ni treni, inasafiri. Nasema tu, wiki hii acha nusu saa moja kila siku bila kuiandikia kitu, halafu uone Bwana atamleta nani.

Mimi nimeanza. Baada ya ibada ya pili sina miadi yoyote mpaka saa tisa. Nitakuwa kwenye benchi kando ya mlango. Njoo, hata kama huna la kusema.

Tuombe: Baba, tusamehe wale tuliowaambia "Jumanne". Tufundishe kusimama. Amina.